Namba Moja Katika Tatu

Kwa miaka minne nilikuwa na chumba kimoja, laptop moja iliyochoka kuliko mimi, na molekuli moja. Chumba kilikuwa cha idara ya kemia ya chuo chetu hapa Kamina, nyuma ya ukumbi, dirisha likitazama reli. Laptop ilikuwa yangu. Molekuli ilikuwa protini ya mdudu wa malaria, na kazi yangu ilikuwa kutafuta kama ina mlango.

Hapa kwetu kila nyumba inaujua mti mchungu ambao majani yake huchemshwa mtu akishikwa na homa. Hakuna anayejua yale majani yanafanya nini yakishaingia mwilini. Mimi nilitaka kuonyesha kwamba ile dawa chungu iliyomo inaweza kupenya ndani ya protini hii na kuiziba. Ili ipenye, lazima pawe na njia kutoka nje hadi kwenye uwazi ulio katikati. Njia ikiwepo, nina kazi ya kutetea na ninapata shahada ya DEA, ile ya kabla ya uzamivu. Isipokuwepo, sina kitu. Na bila DEA mkataba wangu wa uasistenti, kazi ya kufundisha chini ya maprofesa, ulikuwa unakwisha pamoja na mwaka wa masomo, na asistenti ambaye mkataba wake umekwisha ni mtu anayerudisha ufunguo.

Protini haionekani kwa macho. Kulikuwa na mashine kubwa Lubumbashi, katika ofisi ya profesa aliyeniongoza, na ile ndiyo iliyopiga hesabu na kutoa gridi. Gridi ni sanduku. Chukua chumba, kijaze matofali madogo yanayolingana kutoka sakafuni hadi darini, na juu ya kila tofali andika namba. Namba inasema pale pana kitu kiasi gani: ikiwa kubwa, pamejaa, ikiwa ndogo, patupu. Ni mamilioni ya namba, na hakuna picha yoyote ndani yake. Picha inatokea unapoiambia programu: nichoree uso kila mahali ambapo namba inafikia kiasi hiki. Hapo unaona milima na mabonde. Ukikisogeza kile kizingiti, milima inavimba au inanyauka. Unaweza kulikata sanduku vipande uone kilichomo. Unaweza kufungua masanduku mawili juu ya molekuli moja, moja la wingu la elektroni na lingine la chaji, ukalipaka la kwanza rangi za la pili, nyekundu huku na buluu kule. Siku ya kwanza nilipoona hayo nilikaa asubuhi nzima nikiizungusha tu ile picha bila kufanya kazi. Nilifurahi sana, na sioni haya kusema.

Masanduku yalikuja kwa treni. Intaneti yetu ilikuwa na nguvu ya kubeba salamu za rambirambi, si gridi. Profesa aliweka kila sanduku kwenye flashi, akaifunga ndani ya soksi, akampa msafiri, nami nikaenda stesheni kusubiri. Treni ya Jumanne ilifika Alhamisi, au haikufika. Nilipokea soksi kumi na mbili kwa namna hiyo, kwa sababu protini haitulii: inapumua, inajikunja, na tulitaka kuiona katika mikao kumi na miwili. Nyingine zilifika zinanuka samaki mkavu.

Laptop ikakataa. Nilipofungua sanduku zima feni ilipiga kelele, skrini ikaganda, kisha betri ikafa. Betri niliyotumia ilikuwa ile kubwa ya gari, nikiichaji kwenye paneli za mfanyabiashara mmoja sokoni, Mwislamu wa zile familia zilizotoka Maniema zamani. Alikuwa mtu wa salamu ndefu. Alinipa kiti, akaniuliza hali ya mdudu wangu kana kwamba ni mgonjwa wa ukoo, ndipo akaniambia jua la leo ni dogo, nirudi kesho. Siku za mvua sikuwa mwanasayansi, nilikuwa mtu anayetazama mawingu.

Mimi nina hasira za karibu. Nilipoona sanduku moja limenila wiki tatu bila kufunguka, nilisema halitanishinda. Nikaandika programu fupi, mistari haifiki hata thelathini, ya kulipunguza. Ilikuwa inachukua namba moja na kuruka mbili, inachukua moja na kuruka mbili, kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. Sanduku linabaki sehemu moja katika ishirini na saba. Laptop ikafungua bila kulalamika. Na picha ilikuwa laini, nzuri kuliko nilivyotegemea, maana programu ya kuchora haina aibu: pale usipoipa namba inavuta mstari kutoka namba hii hadi ile, na huwezi kujua wapi ilipewa na wapi ilijijazia.

Na njia ilikuwepo. Niliigeuza ile protini polepole, nikalikata sanduku upande wa juu, na nikaiona: mfereji mwembamba unaoingia kutoka nje, unapinda mara moja, unafika kwenye uwazi. Nikapunguza la pili, ipo. La tatu, ipo. Katika mikao yote kumi na miwili ilikuwepo, hapa pana zaidi, pale nyembamba. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Wenzangu wa idara walikuja kuona, na baada ya hapo kila aliyekuwa na kazi nzito alinijia nimpunguzie. Waliita ule ujanja "moya ku tatu ya Madame", yaani moja katika tatu, na Madame ni mimi. Nilijivuna, nisidanganye.

Ndipo nikafanya kosa ambalo mtu wa mji wenye umeme asingelifanya. Masanduku mazima nilikuwa nimeyaweka kwenye diski ya idara, na diski ilikuwa imejaa. Sekretari alihitaji nafasi ya orodha za wanafunzi na picha za kolasyo, ile sherehe ya kugawa shahada. Alinijia kwa upole, mara moja, mara mbili. Mimi nikatazama yale masanduku kumi na mawili ambayo hakuna mashine hapa Kamina iliyoweza kuyafungua, nikajiuliza nayatunzia nini. Sisi tumezoea hivyo. Kitu kisichofunguka, kisichowaka, kisichoenda, tunakitoa ili kile kinachoenda kipate mahali. Nikayafuta yote; flashi zenyewe nilikuwa nimeshazirudisha tupu kwa profesa. Nikabaki na yale yaliyopunguzwa, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa.

Mwaka huo huo baba alikuja Kamina kwa ajili ya kuhesabiwa wastaafu. Baba alikuwa mtu wa Luena. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye makaa ya mawe, kwanza kubeba mabomba, baadaye msaidizi wa wale wanaotoboa ardhi kutafuta makaa yako wapi. Alikaa kwangu siku nne, na siku ya tatu akataka kuona ninachofanya. Nikamketisha mbele ya laptop, nikamwonyesha njia yangu. Alitazama muda mrefu, mikono juu ya magoti.

"Mama," alisema. Aliniita hivyo kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Hii njo kazi yako?"

"Njo yenyewe, Papa."

"Na mulitoboa wapi?"

"Papa, hii haiko makaa. Hatutoboe."

"Lakini ile namba unasema, iko ku kila fasi?"

Nikamweleza. Iko kila mahali, lakini mimi nachukua moja, naruka mbili, mashine isichoke. Akajikuna kidevu.

"Siye tulikuwa natoboa shimo hapa, ingine kule mbali," alisema. "Katikati ba-ingénieur balikuwa banachora mustari tu. Mustari ilikuwa muzuri, mama. Siku moya tulichimba kufuata ule mustari, tukakuta libwe, jiwe tupu. Makaa haikuwa. Bantu mingi balirudia ku manyumba yabo."

Nilicheka. Nilimwambia kompyuta si shimo, nayo inajua hesabu kuliko wazungu wa makaa. Katika majibu yote ya kijinga niliyotoa maishani, na si machache, lile ndilo ninaloliona aibu zaidi. Baba hakubisha. Aliuliza tu siku ya kutetea itakuwa lini, maana alitaka kupeleka koti lake kwa fundi. Nikamwambia asisumbuke kufika Lubumbashi, safari ni ndefu kwa mtu wa umri wake; nitakapokuwa narudi treni inasimama Luena, atanikuta pale. Alikubali, lakini niliona amevunjika moyo.

Lubumbashi nilifika siku mbili kabla ya siku ya kutetea. Kazi ilikuwa imeshachapwa, nakala sita, jalada la kijani, na picha ya njia yangu ukurasa wa arobaini na mbili. Ile mashine kubwa ilikuwa imeungua miezi mingi nyuma, siku umeme ulipopanda na kushuka, na kila kilichokuwa ndani kiliungua nayo. Profesa hakuonekana kusikitika; alikuwa mtu aliyezoea vitu kuungua. Alikuwa na laptop mpya, nyembamba, na alitaka tutengeneze picha nzuri ya kuonyesha ukutani.

"Madame," alisema, "minyi niko na ile ya kwanza, nzima. Niliikopiaga hapa kwa kufundisha. Tutengeneze picha ya kweli, haiko ile ya kupunguza."

Sikujua kwamba lilibaki hata sanduku moja zima duniani. Nilifurahi. Akalifungua, na likafunguka haraka hivi, kama ukurasa wa daftari. Akaweka kizingiti kilekile kilichoandikwa katika kazi yangu. Akazungusha protini mara moja, akazungusha tena.

"Njia yako iko wapi?"

Nikamwomba kipanya. Nikalikata sanduku upande wa juu, mahali ninapopajua kuliko ninavyojua njia ya kwenda sokoni. Mfereji uliingia kutoka nje, ukapinda, na baada ya kupinda kulikuwa na ukuta. Ulikuwa mwembamba, unene wa namba moja, labda mbili. Ganda la haragwe si jembamba zaidi. Lakini ulikuwa umeziba kutoka upande hadi upande, bila tundu, na nyuma yake ndipo palikuwa na ule uwazi, umefungwa pande zote.

Nilipandisha kizingiti. Ukuta haukutoka. Nikapandisha zaidi hadi ukatoka, lakini wakati huo protini nzima ilikuwa imeshavunjika vipande vinavyoelea, hakuna tena kitu cha kuitwa ndani wala nje. Nikarudisha. Nikatoa programu yangu fupi kwenye flashi, nikalipunguza lile sanduku palepale mbele ya profesa, moja katika tatu. Njia ikafunguka, ileile ya ukurasa wa arobaini na mbili. Kisha likanijia wazo ambalo miaka minne halikunijia. Badala ya kuanza kuhesabu kwenye namba ya kwanza, nikaanza kwenye ya pili. Ukuta ukarudi. Nikaanza kwenye ya tatu. Ukuta ukabaki nusu, una tundu la kudanganya mtoto. Nilikuwa nimeanza kwenye namba ya kwanza kwa sababu ndiyo ya kwanza, na ukuta ulikuwa umesimama kwenye namba nilizoruka. Nilimwomba profesa maji, na aliponipa sikuyanywa.

Profesa alizungusha kalamu. Si mtu mbaya, na sitaki asomeke hapa kama mtu mbaya. Alikuwa amenisubiri miaka minne, alinitumia zile soksi, hakuwahi kuniomba kitu.

"Bon," alisema. "Madame, iko simple. Ile moya unaitosha inje ya kazi. Inabakia kumi na moya."

"Zile kumi na moya, Prof, sijue ndani iko nini. Nilifuta zile nzima."

"Njo vile. Haujue. Haiko kusema njia haiko."

"Haiko kusema iko."

"Na nani atafungua? Jury iko na bantu bane. Moya tu njo anajua kufungua hii programme." Akajigusa kifua. "Na ule mutu njo minyi."

Nilimwuliza kama tunaweza kupiga hesabu upya. Akanionyesha kona ile mashine ilipokuwa imekaa. Palikuwa na viti vibovu vimepangwa. Nilimwuliza kama mkataba unaweza kuongezwa mwaka mmoja. Tulikwenda pamoja hadi kwa mkuu wa kitivo, naye akaniambia kwa heshima kwamba umeshaongezwa mara mbili, sheria haina ya tatu. Tukarudi ofisini. Profesa akafungua mlango, akanipisha nipite mbele, akasema polepole, bila kunitazama, "Madame, siye tunatumika na bile biko."

Kama angesema kitu kingine chochote, nadhani ningelitoa lile sanduku. Nilikuwa nimeshaanza kulitoa moyoni nikiwa kwenye ngazi. Nilikuwa nimeshahesabu: mikao kumi na mmoja, nabadilisha namba kwenye kurasa tisa, nachapa upya kurasa tisa. Lakini neno hilo, kufanya kazi na vile vilivyopo, nililisikia maisha yangu yote. Nilifundishwa kemia bila kemikali, na bile biko. Nilitumia betri ya gari, soksi, namba moja katika tatu, na bile biko. Hasira ikanipanda hadi masikioni. Nikamwambia basi tuandike kwenye jalada: njia hii ipo kwa sababu laptop ya mwandishi ni mbovu. Nikachukua zile nakala sita juu ya meza yake, nikazitia mkobani, nikamwambia sitetei.

Watu wawili watatu niliowasimulia walinisifu. Wanasema nilikuwa mkweli. Ukweli haukuwa na sehemu kubwa pale. Nilikasirika, na mtu akikasirika anaweza kutenda jema kwa bahati. Profesa hakunibembeleza. Alisema "sawa", akachukua simu, akawapigia wale wa jopo mmoja mmoja. Mmoja alikuwa ameshatoka Kolwezi, yuko barabarani. Nilimsikia akiomba radhi kwa ajili yangu, akisema Madame ni mgonjwa. Nilitaka kumwambia hata hilo si kweli, ila nilikuwa nimechoka.

Niliondoka na treni ya kwanza iliyopatikana, siku moja baada ya ile ya kutetea. Nilimtumia jirani wa baba ujumbe mfupi, mwambie baba niko njiani, kisha simu ikazima. Sikutaka kumwambia kwa simu ya jirani. Kwa siku mbili na nusu, nimekaa juu ya mfuko wa chumvi wa mtu, nilikuwa najifunza sentensi moja. "Papa, kulikuwa libwe." Niliisema kimoyomoyo hadi ikawa nyepesi. Nilijua ataelewa. Katika watu wote ninaowajua, na pamoja na profesa, hakuna ambaye angeelewa haraka kuliko yeye. Nilijua pia atajikuna kidevu, na hatanikumbusha kwamba nilimcheka. Wazo hilo lilikuwa kitu pekee kilichonituliza katika safari ile, na nilikuwa nalitamani kweli.

Luena tulifika mchana. Kabla treni haijasimama nilisikia ngoma. Nikachungulia dirishani, nikamwona baba, koti limeshonwa upya mabegani, amesimama mbele ya watu ishirini au zaidi: wazee wenzake wa makaa, wake zao, kwaya ya kanisa lake na sare zao. Huku kwetu mtu akimaliza masomo anamwagiwa poda, ile poda nyeupe ya watoto, na pasipo na poda, unga. Hawakuwa na sababu ya kuuliza. Siku ya kutetea waliijua, na mimi nimesema niko njiani. Mtoto wa mtu anayerudi kutoka kutetea amefaulu; nani amewahi kusikia mtu amefika hadi siku ile akageuka?

Nilikuwa sijakanyaga chini. Mguu mmoja ulikuwa bado kwenye ngazi ya behewa, na baba alikuwa ameshafungua kopo. Alinimwagia mwenyewe, kwa mkono wake, kichwani, mabegani, mgongoni. Wanawake wakafuata. Poda iliniingia machoni, puani, mdomoni. Sikuona kitu. Nilisikia tu vigelegele, na sauti ya baba juu ya sauti zote, sauti ambayo sikujua kwamba anayo, "Chef de Travaux! Chef de Travaux yetu!" Ni cheo anachotarajia asistenti akishapata DEA, na sijui nani alimfundisha. Kwa mtu aliyefanya kazi chini ya machefu, yaani wakubwa wa kazi, miaka thelathini, mtoto wake kuwa chef halikuwa jambo dogo.

Nilipofumbua macho uso wake ulikuwa karibu sana. Alikuwa analia.

"Mama," alisema, "balikubali ile njia?"

Treni haikai sana Luena. Nilifungua mdomo, na sentensi yangu ilikuwa pale, tayari, nimeibeba kutoka Lubumbashi.

"Balikubali, Papa."

Alinikumbatia, poda ikamshika kotini. Wakanipa kuku wa kuchoma ndani ya sufuria, wakanisukuma kurudi ndani maana filimbi ilikuwa imeshalia. Walikimbia pembeni ya behewa wakiimba hadi jukwaa likaisha.

Kutoka Luena hadi Kamina sikujipangusa. Ningejipangusa ningeulizwa kwa nini. Behewa zima lilinipongeza. Mke wa askari mmoja aliyekuwa anarudi kwenye kambi ya Kamina aliniondoa juu ya ule mfuko wa chumvi, akanipa nafasi yake dirishani, akasema anataka binti yake aone jinsi mtu aliyesoma anavyofanana. Binti alinitazama kwa bidii kama aliyetumwa. Nikamwambia asome vizuri. Tulimla kuku pamoja.

Ufunguo wa chumba niliurudisha wiki iliyofuata. Sasa nafundisha kemia katika shule ya sekondari karibu na kambi, watoto wa askari, kutoka kila pembe ya nchi. Wakihamishwa baba zao wanaondoka katikati ya muhula, na wengine wanaingia. Hakuna kompyuta, na sijaomba. Nachora molekuli ubaoni kwa chaki, mipira na vijiti, na sisemi chochote juu ya kilichomo katikati. Ile njia, sijui hata leo kama ipo katika mikao ile mingine kumi na mmoja. Hakuna atakayejua. Watu wanaendelea kuchemsha majani, wengine wanapona na wengine hawaponi. Kuna siku naamka nikiwa na hakika nilifanya sawa. Siku nyingi zaidi naona ningelitoa lile sanduku, ningechapa upya zile kurasa tisa, na dunia isingepungukiwa kitu.

Baba nilikuwa nasema nitamwambia ukweli mwezi ujao. Kila alipopiga simu nilijiambia akija, nikienda, Noeli ikipita. Yeye alikuwa ameshahamia kwenye doctorat. Aliuliza itachukua miaka mingapi, kama koti lile litafaa au atafute lingine. Mara moja aliniuliza kama njia ni pana kutosha mtu mwingine kupita na dawa nyingine. Nilimwambia ni pana. Nilikuwa nimekataa kuwadanganya watu wanne ambao wasingefungua, na nikamdanganya mtu mmoja ambaye angeelewa, tena si mara moja, kila mwezi, kwa sauti ya kawaida.

Alikufa mwaka jana, wakati wa mvua, kwa homa. Nilifika Luena siku ya kuzika. Kaka zake walisema aliacha maagizo ya maneno ya kuandikwa msalabani, na mchoraji alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, amemaliza jina na tarehe, anaandika mstari wa chini kwa rangi nyeupe: Papa wa Chef de Travaux. Aliponiona alisimama, akashika kofia yake, akaniuliza kwa heshima kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma.

"Madame, iko vile?"

Nilisoma mstari ule mara mbili. Nikamwambia iko vile, naye akachovya brashi, akaweka nukta.